Nyamrerwa wa mtaa wetu Manyatta, Kisumu: uzoefu wangu

Niseme ukweli, hawa wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka na mkoba mgongoni, huku tunawaita nyamrerwa, mimi nilikuwa nawahepa. Akibisha nawaambia watoto semeni mama hayuko. Nilidhani ni yale mambo ya kuhesabu vyoo na kuuliza kama tunalala kwa neti.

Sasa mvua ya mwezi wa tano ikanyesha, na mbu wa huku mnawajua, kijana wangu wa miaka sita akaamka usiku mwili moto kama jiko, anatetemeka, uji hataki. Asubuhi nilikuwa nishavaa slipa niende kemisti vile nimezoea, jirani akaniambia ngoja kwanza, yule mama nyamrerwa ana kipimo cha malaria na haitishi pesa. Akaja na matope mpaka kwa magoti, akanawa mikono, akamtoboa mtoto kidole, tone moja la damu kwa kile kidude cheupe, tungoje dakika 15. Mimi nikaona mstari mmoja nikaanza kushukuru Mungu, akasema tulia mama, bado. Wa pili ukajitokeza, hafifu hivi. Malaria.

Na hapa ndio alinimaliza. Dawa ni ile AL, vidonge vya malaria, kwa kemisti mimi huandikiwa tu 2x2 (viwili mara mbili kwa siku) kwa bahasha ya kaki, basi, nenda. Kumbe dozi ya pili inafuata ya kwanza baada ya masaa 8, ndio zingine sasa ziende kila masaa 12 mpaka siku tatu ziishe, vidonge 12 kwa mtoto wa kilo 19, na asimeze tumbo likiwa tupu, maziwa ama chakula chenye mafuta ndio dawa iingie vizuri kwa mwili. Akitapika kabla nusu saa, narudia. Ya kwanza alimeza saa mbili asubuhi, ya pili saa kumi jioni, kwa hivyo ya tatu ni saa kumi ya usiku, jamani, hiyo alamu nililia nayo. Akaniambia pia akipata degedege, akilegea ashindwe kunywa ama atapike kila kitu, usinitafute mimi, chukua boda uende hospitali.

Siku ya pili kijana anakimbiza kuku, nami nikataka kuficha vidonge vilivyobaki kwa kabati vya siku ingine (msijifanye nyinyi hamfanyagi). Jioni mama wa watu akapita, akaitisha pakiti, akahesabu. Akahesabu! Na huyo analipwa marupurupu ya 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti.

Nampa nne kwa tano. Hiyo moja nimetoa kwa sababu siku ingine alinipima presha nje kwa kamba za nguo, akasoma 150 kwa 95 kama anayetangaza mechi, halafu akaongeza eti kipimo kimoja hakitoshi, niende nikapimwe tena kliniki, hiyo sehemu hakuna aliyesikia. Kufika jioni ploti nzima inanikataza chumvi. Na kuna wakati dawa huisha kwa mkoba, anakuandikia karatasi tu uende zahanati.

Sikuhizi akibisha nafungua. Lakini presha tunapimia ndani, na redio iko juu.