Tahadhari: mota za roketi za bei ya nusu zinazouzwa kwenye magrupu yetu hapa Texas

Ndugu zangu mlioko Texas na majimbo ya jirani, hasa wenye watoto wanaojenga roketi ndogo za kurusha uwanjani: kuna mtu anauza mota za roketi, yaani vile vibomba vya karatasi vyenye baruti ya kuisukuma roketi, kwa mafungu, kwa bei ya nusu ya dukani. Anaongea Kiswahili safi, anatuita "dada yangu" na "kaka yangu". Kama anawauzia, msinunue. Kama mmeshanunua, msirushe hata moja, someni kwanza hadi chini.

Sitaandika jina lake wala namba yake, maana vyote viwili anabadilisha. Nitaandika anavyouza, kwa sababu hapo habadiliki.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi karibu na Dallas. Mimi na mwanangu wa miaka 13 tuko mwaka wa tatu katika mchezo huu. Tulianza na Big Bertha ya Estes, ile roketi nene yenye urefu wa sentimita 61, inayopanda taratibu kiasi kwamba mtoto anaifuata kwa macho mpaka juu. Imetengenezwa kwa mota za kipenyo cha milimita 18, za B na C (herufi ni daraja la nguvu, nitaeleza chini). Mwaka huu mwanangu akataka iruke kwa D12, ambayo ni ya milimita 24. Tukaifanyia kazi wiki tatu. Tuliondoa kishikio cha mota cha zamani, tukakata pete mpya za mbao nyembamba za kushikilia mota, tukazigandisha kwa gundi ya mbao na kuacha kila tabaka likauke usiku kucha. Mota ya D ni nzito na hukaa mkiani, hivyo roketi hulemea nyuma na inaweza kugeuka hewani. Tukaongeza uzito kwenye pua. Kisha tukafanya jaribio la kamba: unaifunga roketi kamba pale inapokaa sawa mizani, ikiwa na mota ndani, unaizungusha kichwani. Ikienda pua mbele, iko salama. Yetu ilienda pua mbele kila mara. Naeleza haya yote kwa sababu baadaye yule mtu aliyatumia kutusingizia.

Tangazo lake nililiona kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania na Wakenya wa huku. Mota 36 kwa dola 90: 24 za C6-5 na 12 za D12-5. Dukani pakiti ya mota tatu nilikuwa nimenunua kwa zaidi ya dola 12. Alisema mtoto wake ameenda chuo, ameacha mchezo, na kwamba afadhali zimfae mtoto wa ndugu kuliko kuziuza kwa mgeni. Maneno hayo ndiyo yaliyonishika. Nikatuma pesa kwa Zelle, njia ya kutumiana pesa kwa simu kutoka benki, siku ile ile, tukakutana kwenye maegesho ya duka, akanipa boksi.

Kwa wageni wa mchezo: ile C ni nguvu yote iliyomo, na kila herufi inayofuata ni takriban mara mbili ya iliyotangulia. 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. 5 ni sekunde za kusubiri kuanzia baruti ya msukumo inapokwisha hadi ile baruti ndogo ya mbele inapolipuka na kutoa parachuti. Hizo sekunde ndizo zinazoipa roketi muda wa kupanda hadi mwendo uishe. Sasa ipo pia C6-0. Sifuri maana yake haisubiri kitu. Imetengenezwa iwe mota ya chini kwenye roketi ya ghorofa mbili: ikimaliza tu, moto wake unapita mbele na kuwasha mota ya juu.

Jumamosi ya kwanza tuliweka C6-5 yake kwenye roketi nyingine, nyembamba. Ikapanda vizuri kama sekunde mbili, halafu ikiwa kwenye kasi yake kubwa kabisa pua ikachomoka. Kamba inayounganisha pua na bomba ikapasua bomba la karatasi kutoka juu hadi karibu na mapezi, na parachuti ya plastiki ikarudi imeyeyuka na kushikana kama mfuko uliopitishwa jikoni. Nilidhani tumeweka karatasi za kuzuia moto chache. Nikamwambia mwanangu tutengeneze bomba jipya.

Jumamosi iliyofuata ikawa zamu ya Big Bertha na D12. Sheria ya usalama ya chama cha kitaifa cha roketi hapa Marekani, NAR, inataka mtu asimame angalau futi 15, yaani mita 4 na nusu, kwa mota za D kwenda chini. Waya wetu wa kuwashia ni mrefu, tulikuwa kama mita 6. Mwanangu akahesabu, akabonyeza. Badala ya ule mvumo tuliouzoea tulisikia mlipuko mmoja mkavu. Roketi haikuondoka kwenye fimbo ya kurushia. Kizibo cha mbele cha mota kilikuwa kimeng'oka, na baruti ikiwa bado inawaka ikapita juu ndani ya bomba, ikatokea puani. Wiki tatu za kazi ziliungua zikiwa zimesimama. Hakuna aliyeumia, na namshukuru Mungu kwa zile mita 6.

Nilimpigia simu usiku ule. Jibu lake, nalikumbuka neno kwa neno: "Dada yangu, roketi umeikata mwenyewe, umeijaza uzito mwenyewe, sasa unanilaumu mimi?" Baadhi ya watu kwenye grupu wakamuunga mkono. Lililoniuma zaidi ni kwamba mwanangu naye aliamini. Alilia akisema pete zake hazikushika gundi vizuri.

Pete zilishika. Mzee mmoja wa klabu yetu, ambaye amerusha roketi tangu utotoni, aliyachukua mabaki akayageuza mkononi, kisha akaniomba boksi lote. Kishikio chetu kilikuwa bado kimeganda kwenye ganda la roketi. Kilikuwa kimeungua kutoka ndani kwenda nje. Kishikio kikiwa kibovu, mota huchomoka au roketi huenda kombo. Hakiwezi kuifanya mota ipasuke.

Akaanza na zile C. Akazisimamisha mezani sehemu ya mbele ikitazama juu. Mota yenye sekunde za kusubiri ina kizibo cha udongo mweupe au wa kijivu upande wa mbele, kinachofunika baruti ya kutoa parachuti. Kati ya zile 23 zilizobaki, 14 hazikuwa na kizibo. Ukichungulia unaiona baruti nyeusi tupu. Hizo ni C6-0. Zilikuwa zimezungushiwa karatasi ndogo iliyochapwa "C6-5", imeganda vizuri, ya rangi karibu sawa na ganda, na imewekwa juu ya maandishi ya kiwandani na tarehe ya kutengenezwa. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati mbaya mara 14. C6-0 haina soko kwa watu wengi kwa sababu wachache hurusha roketi za ghorofa mbili, kwa hiyo amezipa jina la zile zinazonunuliwa.

Zile D zilikuwa D kweli. Ubaya wake uko kwingine. Nilirudi kwenye picha ya tangazo na safari hii nikaitazama vizuri: boksi limewekwa juu ya mbao, na kando yake kuna pamba ya rangi ya waridi, ile inayotandikwa darini kuzuia joto. Mnajua dari za nyumba za Texas mwezi wa Agosti, na mnajua baridi ya Februari. Mota hizi ni baruti iliyoshindiliwa kwa nguvu ndani ya ganda la karatasi. Joto likipanda na kushuka, msimu baada ya msimu, baruti na karatasi hazitanuki sawa, na mwishowe baruti inaachana na ukuta wa ganda au inapata nyufa. Mota isiyo na ufa huwaka kwa mpangilio, moto ukipanda kutoka mkiani kwenda mbele kama mshumaa uliogeuzwa. Yenye ufa, moto unakimbilia kwenye ufa na pembeni, baruti nyingi inawaka kwa mara moja, gesi inazidi uwezo wa kale katundu ka udongo mkiani, na kitu lazima kitoke. Kwa nje huoni chochote. Umri peke yake si tatizo. Mzee yule anarusha mota za miaka mingi zilizokaa ndani ya nyumba kwenye joto la kawaida, na zinaruka.

Mchezo huu ulijengwa juu ya jambo moja: mota haiguswi. Baada ya Sputnik, setilaiti ya kwanza ya Wasovieti, kurushwa mwaka 1957, vijana wengi wa Marekani walijichanganyia fueli wenyewe, na wengine walipoteza vidole, macho, hata maisha. Orville Carlisle, muuza viatu wa Norfolk, Nebraska, alikuwa tayari ametengeneza roketi ndogo yenye mota ya kubadilisha, na baadaye Vern Estes akaunda mashine ya kushindilia mota kiwandani, ili mtoto asiguse baruti kabisa. Roketi unaruhusiwa kuikata, kuirefusha, kuibadilisha upendavyo. Mota haiguswi. Anayebandika namba ya uongo juu ya mota amevunja kitu pekee kinachomlinda mwanangu anapobonyeza kile kitufe.

Kuna la tatu, nalo linawahusu wengi wenu. Mama mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda Arusha alitaka kuwapelekea wajukuu zake roketi. Mtu huyu akamwambia atamfungia mota kwenye nguo, katikati ya sanduku, "hawataona." Mota za roketi haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si kwenye sanduku la chini, si kwenye mkoba wa mkononi. Ni baruti. Angekamatwa mama wa watu uwanja wa ndege, na muuzaji angebadilisha namba.

Anavyouza, basi: anaanza na habari ya mtoto aliyeacha mchezo. Picha moja tu, ya mbali. Ukimwomba picha ya sehemu ya mbele ya mota au ya tarehe, anasema ana haraka, mtu mwingine anazitaka. Anataka Zelle kabla ya kukutana, na pesa uliyoituma mwenyewe kwa njia hiyo ni ngumu sana kuirudisha. Nilipomtumia picha za zile karatasi alinifungia nisimpate tena kwenye WhatsApp. Wiki iliyopita tangazo lile lile, picha ile ile, limetokea kwenye grupu la Houston kwa jina jingine.

Mlionazo, msizitupe kwenye pipa la taka, msizichome, msizikate kuona ndani. Zitumbukizeni kwenye ndoo ya maji, nje ya nyumba, mpaka karatasi ifumuke na baruti iwe tope. Hapo ndipo hutupwa. Kama moja imewalipukia, hifadhini ganda na mjaze fomu ya NAR ya kuripoti mota zilizoharibika, na mseme wazi kwamba ilibandikwa karatasi, ili lawama isikiangukie kiwanda.

Yule mama wa Arusha aliniletea zake juzi. Ziko kwenye ndoo moja na zangu, nyuma ya nyumba. Mwanangu alizihesabu kabla hazijaingia majini, akaziandika kwenye daftari, kisha akaingia ndani kuanza kukata pete nyingine.