Transdyusa ya kutafutia samaki kwenye jetiski: pesa nimetoa, dharau nimepewa

Kama una jetiski na unataka kufungiwa mashine ya kutafutia samaki hapa Unguja, soma haya kabla hujatoa pesa. Mimi nimeshatoa. Karakana yenyewe siitaji jina. Ipo upande wa mjini, na wenye vyombo vya kukodisha huku kaskazini wengi wanaijua kwa sababu injini wanaziweza, na hilo nalisema mapema ili nisionekane nina chuki nao. Injini wanazijua kweli. Ila mimi sikuwapelekea injini.

Nimekusudia kuwapa nyota mbili kati ya tano. Mashine yenyewe sina neno nayo, na mambo yaliyoandikwa kwenye boksi lake kila mtu anaweza kuyatafuta mwenyewe.

Nipo Nungwi. Msimu wa wageni jetiski yangu inakodishwa. Masika yakiingia na hoteli zikipwaya, naitumia kuvua. Wapo wanaoona ajabu, lakini jetiski inatoka haraka, haitaki mabaharia, na mtu mmoja anaimudu. Narambaza, yaani navuta chambo nyuma ya chombo kikiwa kinakwenda, natafuta nguru na kolekole nje ya mwamba, na siku bahari ikilala nasimama kuvua mshipi, natafuta changu na chewa. Shida ya huku ni sakafu. Mkondo wa baina ya Unguja na bara maji yake ni ya makumi ya mita tu, lakini ukishaipa Nungwi kisogo ukaelekea Pemba, chini panaporomoka mpaka mamia ya mita. Katikati kuna vilima vilivyozama, kikubwa kinachojulikana na wapiga mbizi ni hicho wanachokiita Leven Bank, na samaki hukaa kwenye kingo za vilima, siyo kila mahali. Wazee walipima kwa bildi, yaani risasi na kamba, halafu wakashika alama za nchi kavu, mnara wa taa ukae hapa na mnazi fulani ukae pale. Mimi nilitaka kuiona kingo ya mwamba huku chombo kinakwenda. Ndilo jambo moja tu nililolitaka, na nililitamka kwa mdomo wangu nilipoipeleka jetiski pale karakana.

Nililitamka hivi: kidude cha chini kinachopiga na kupokea sauti kwa ajili ya mashine, yaani transdyusa, kifungwe ndani ya tumbo la jetiski, nyuma, karibu na tezi, yaani mwisho wa chombo. Ndani, kwa sababu sisi huku tunaburura vyombo mchangani. Bamvua likipwa maji yanakwenda mbali, jetiski inavutwa juu ya mchanga na mawe, na kitu chochote kilichoning'inia nje kitang'oka. Isitoshe nje ya tezi ndipo pampu inapotema maji, na maji yale yamejaa povu. Na nikasema nyuma kwa sababu jetiski ikishika mwendo inanyanyua omo, yaani pua yake. Mbele kunakuwa hewani, nyuma ndiko kunakobaki majini. Fundi akaitikia kwa kichwa. Nikamwachia chombo.

Aliifunga mbele. Chini ya kile kisanduku cha kuwekea vitu, pale mkono unapofika bila taabu ya kufungua kiti. Tena kwa silikoni, ile ya kuzibia dirisha la choo.

Nataka nieleze kwa nini hili ni kosa kubwa, maana nimeshaambiwa na mtu kwamba nalalamikia sentimita chache. Transdyusa inapiga sauti ambayo sikio halisikii, sauti inashuka, inagonga chini, inarudi, na mashine inahesabu muda. Kwenye maji ya bahari sauti inakwenda kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye hewa inakwenda kama mita 340 tu, na hewa yenyewe ni nyepesi mno kuliko maji; tofauti hizo mbili ndizo zinazofanya sauti, ikikutana na hewa, irudi karibu yote ilikotoka. Samaki wengi tunawaona kwenye skrini kwa sababu hiyo hiyo: wana kibofu cha hewa tumboni, na kibofu ndicho kinachorudisha mlio. Changu na chewa wanacho, ndiyo maana wanatokea vizuri. Nguru hana, na kwa hiyo alama yake hufifia hata mashine ikiwa nzima. Sasa fikiria. Ikiwa hewa ndogo ndani ya tumbo la changu mita 40 chini inatosha kuisimamisha sauti, vitundu vya hewa vilivyobaki ndani ya gundi, palepale mdomoni mwa transdyusa, vitafanya nini? Vitaiziba. Na kama chini ya faiba ya tumbo la jetiski hakuna maji kwa sababu omo imenyanyuka, basi hata gundi ingekuwa safi namna gani, sauti inapigwa hewani.

Ndivyo ilivyokuwa. Nikisimama, kina kinasomeka, hafifu lakini kinasomeka. Nikianza kurambaza tu, na kurambaza si mbio, ni mwendo wa pole, namba zinaanza kurukaruka, mara mita 3, mara skrini tupu, mara inang'ang'ania namba ile ile huku mimi naona kwa macho yangu rangi ya maji imebadilika na mwamba nimeshaupita. Kulikuwa na kusi la wastani, mawimbi madogo, kila omo ikipiga wimbi mashine inakufa. Nilimaliza asubuhi nzima hivyo, na mafuta yake.

Nikairudisha karakana baada ya siku chache. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize, maana silikoni ningeweza kuisamehe.

Nilimkuta amekaa na simu. Nikamwambia, "Assalamu alaykum, fundi."

Akasema, "Mm."

Sisi tumelelewa kwamba salamu inajibiwa hata na mtu uliyegombana naye. Nikanyamaza, nikasema pengine ana mazungumzo ya maana kwenye simu. Nikamweleza kwa upole kwamba nikisimama inasoma, nikitembea inapotea, na kwamba nadhani ni kwa sababu imewekwa mbele.

"Basi simama," akasema.

"Fundi, mimi narambaza. Siwezi kusimama."

Hapo ndipo akainua uso. "Yakhe, wewe mvuvi gani unayengoja skrini ikuoneshe samaki? Wazee wako walikuwa na skrini?" Walikuwepo wateja wawili wenye boti, wakacheka. Mdogo wangu alikuwa kando yangu, amebeba betri, akainama.

Ningependa kusema nilimjibu. Nilimwomba anionyeshe kwanza ndani, akasema kazi ilishakwisha na risiti ninayo. Kijana wake msaidizi ndiye aliyetoka nje kunifuata, akaniambia, "Ami, samahani, yeye leo hayuko sawa." Kijana yule alikuwa na adabu, na nitamsifu kwa jambo jingine pia: waya wa umeme aliupitisha moja kwa moja kwenye betri, akaweka fyuzi, hakuuchomeka kwenye nyaya za injini. Wengi wanaunganisha popote penye umeme na halafu skrini inajaa michirizi kila injini ikiunguruma. Kwa hiyo sehemu ya umeme ilikuwa safi. Kwa ajili ya kijana yule ndiyo nikasema nyota mbili. Bila yeye ningeandika moja.

Mdogo wangu hakusema neno mpaka tulipofika Mahonda. Ana miaka ambayo mtoto anaanza kuamua nani wa kumheshimu.

Jetiski nikaipeleka kwa fundi wa faiba, upande wa Mkokotoni, anayeziba boti za wavuvi wa Tumbatu. Yeye hajawahi kufunga transdyusa maishani mwake na alinambia hivyo hivyo kabla ya kushika kitu. Lakini faiba anaijua. Tukang'oa ile silikoni, ikatoka kama ngozi ya maziwa, na ndani yake vitundu vya hewa vimejipanga unaweza kuvihesabu. Akauliza swali ambalo karakana hawakuuliza: chini ya hapa faiba ni ngumu yote, au ina sponji katikati? Vyombo vingine vina tabaka la povu au mbao ndani ya tumbo, na sauti haipiti humo. Akagongagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaendelea kurudi nyuma mpaka akapata mahali pagumu pembeni mwa pampu, palipo bapa, pasipo na mbavu mbele yake za kuvuruga maji.

Halafu tukafanya jaribio ambalo nalipendekeza kwa kila mtu, maana halina gharama. Kabla ya gundi yoyote, mimina maji kwenye mfuko laini wa plastiki, itie transdyusa ndani yake, funga, bonyeza mfuko ule juu ya faiba mahali unapopataka, ndani ya chombo, chombo kikiwa majini. Maji yaliyo kwenye mfuko yanashika nafasi ya gundi. Linganisha na namba unayoipata ukiitumbukiza transdyusa nje ubavuni. Zikikaribiana, mahali ni pazuri. Zikiachana mbali, hama. Sisi tulihama kidogo, zikakubaliana. Joto la maji usiliamini tena ukishaifunga ndani, litasoma joto la faiba na la injini, na nguvu ya sauti inapungua kidogo kwa kupita kwenye tumbo. Kwa kina ninachovulia mimi hainipi tabu.

Fundi wa faiba akasugua kwa msasa, akapangusa kwa spiriti, akachanganya epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, polepole sana. Nilimuuliza mbona anakoroga kama mgonjwa. Akasema akikoroga kwa haraka ataingiza hewa. Hakuna aliyemfundisha habari za transdyusa. Hewa ndani ya epoksi anaichukia kwa sababu zake za faiba, na chuki hiyo ikanifaa. Akamimina, akaikandamiza transdyusa huku anaizungusha kidogo ili kilichobaki kitoke pembeni, akaacha ikauke mpaka kesho yake.

Tukatoka. Kingo ya mwamba ikatokea kwenye skrini huku nakwenda. Ilipanda, ikakata, ikashuka, na juu ya kingo palikuwa na wingu la samaki limeshikamana na mwamba. Sikupiga kelele lakini mikono ilinitetemeka kwenye usukani. Nilirudi nyuma nikaupita tena mahali pale pale na ikatokea tena. Kwa siku ile nilikuwa tayari kuisahau karakana na kila kilichosemwa, na kama ningeandika jioni ile mngesoma maneno mengine kabisa, ya mtu anayempenda kila mtu.

Lakini michirizi ikabaki. Kila baada ya muda skrini inakatwa na mistari, halafu inarudi, halafu siku moja ikazima kabisa mbali na pwani. Nikadhani epoksi. Fundi wa faiba akafuata waya kuanzia kwenye transdyusa kwenda juu, na chini ya mpira wa kiti, ndani kabisa, akakuta utepe mweusi. Akaufungua. Waya wa transdyusa ulikuwa umekatwa. Ulikuwa mrefu mno kwa jetiski, wakaukata wakatoa kipande cha katikati, wakazisokota nyuzi kwa mkono, wakazungushia tepu. Maji ya chumvi yameshaingia, shaba imekuwa kijani. Wenye kutengeneza vifaa hivi wanaonya wazi kwamba waya huu haukatwi, unaozidi unaviringishwa na kufungwa. Unabeba mlio hafifu sana unaorudi kutoka chini, na una gamba la kuukinga na kelele za injini. Ukishaukata umeliondoa gamba hilo. Umeme wa betri walioufunga vizuri nimeusifu hapo juu. Sasa sijui kama nikiache kile nilichokiandika. Nakiacha, kwa haki ya kijana yule, lakini nyota mbili haziwezi kusimama tena na nazifuta zote.

Kwa sababu hili si suala la mahali pa kufunga. Mtu anaweza kubishana nami mbele au nyuma. Kuukata waya wa mwenzako na kuuficha chini ya kiti unajua unachokifanya, na unajua utatambulikana ukiwa wapi: baharini, na mwenye chombo, peke yake. Bwana yule aliuliza kama wazee wangu walikuwa na skrini. Walikuwa na bildi. Na mtu angewakatia kamba ya bildi akaiunga kwa siri, wangempeleka kwa sheha siku hiyo hiyo.

Nimempigia simu. Amesema kwa kuwa fundi mwingine ameshagusa kazi yake, yeye hahusiki. Epoksi haing'oki bila kuvunja kitu, kwa hiyo transdyusa hii haiokoleki. Nyingine itabidi iagizwe kupitia Dar es Salaam. Pesa ya kufunga sizitaki, wabaki nazo. Ninachodai ni bei ya transdyusa mpya, na risiti yao, picha za ule utepe na kile kipande cha waya chenye kijani ninavyo. Baada ya sala ya Ijumaa hii nakwenda karakana, na mdogo wangu nakwenda naye.