Karakana ya Gerezani, Dar, wamenila laki saba, dogo kaliwasha trekta kwa msasa

Starta waliyoniuzia, ile mota ya kuwashia injini, ni nzima, hilo siwadhulumu. Tatizo ni kwamba sikuihitaji, na kila nikikumbuka damu inachemka.

Trekta ni Massey Ferguson 135 la marehemu baba, lile la injini ya Perkins silinda tatu, liko shambani Kimbiji. Mvua za vuli zimeanza tu, likagoma. Ukizungusha ufunguo, "tak!", basi. Taa zinawaka, honi inalia. Nikafungua betri na starta, nikapanda navyo pantoni mpaka karakana moja Gerezani niliyosifiwa na jirani.

Fundi mkuu hakunyanyua hata macho kwenye simu yake. "Betri imekufa, mzee. Starta nayo hivyo hivyo."

Umeipima?

"Nipime nini? Trekta lenyewe uza skrepa. Hayo yametoka kiwandani hata mama yangu hajavunja ungo."

Vijana wote wakacheka. Najua ni la zamani, hayo yalitengenezwa kuanzia 1964 mpaka 1975, sikuja kuulizia umri wake! Ila mvua haisubiri, nikalipa. Betri laki tatu, starta laki nne. Nikarudi, nikafunga, nikazungusha ufunguo. Tak!

Kupiga simu: "Utakuwa umefunga vibaya, mzee." Ikakatwa. Nimesumbua siku tatu nne hivi ndipo wakamtuma dogo mmoja msaidizi, nauli juu yangu.

Dogo kanipa shikamoo kwanza. Akasema ile "tak" yenyewe ni habari njema: swichi ya usalama, inayozuia starta mpaka mkono wa gia kubwa na ndogo uwe nyutro, inapitisha umeme. Akaweka waya mmoja wa mita ya kupimia umeme kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bodi ya starta, akaniambia nizungushe ufunguo. Karibu volti nne. "Baba, hapa haitakiwi hata nusu volti. Umeme unakwenda, kurudi haurudi."

Akafungua nati ya waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kutoka bodi ya trekta mpaka betri. Chini yake rangi nyekundu, mpya, imekolea. Rangi niliyoipiga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikijisifu trekta limependeza.

Akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu. Mzunguko mmoja tu likanguruma, kuku wa jirani wakatawanyika.

Basi nikapoa. Kosa la ethi ni langu, na karakana si ndiyo iliyomleta dogo? Nilikuwa nawapa nyota tatu. Kisha nikapiga simu kuulizia starta yangu ya zamani na betri, maana kumbe vilikuwa vizima.

"Si ulituachia, mzee? Tumeshauza."

Starta iliyokuja na trekta! Nyota moja, na hiyo ni ya dogo. Mkienda, mwulizeni yeye, mwembamba, anavaa kofia ya sufi hata jua likiwa kali. Yule wa simu mpiteni tu.

Na starta yangu naitaka.