Umeme wa kamera ya dashibodi: ununue nini ili betri isilale

Jumatatu moja asubuhi Vitz yangu iligoma kuwaka. Ilikuwa imeegeshwa tangu Ijumaa jioni, na siku zote hizo kamera ilikuwa macho ikirekodi ukuta wa jirani. Fundi aliyeifunga aliupata waya wenye umeme muda wote, akaunga, akachukua chake akaondoka. Na kwa kuwa gari ni la gia otomatiki, vijana wa kusukuma hawakuwa na msaada. Nikaomba gari la jirani na nyaya za kuboosti, nikafika kazini saa nne.

Hesabu yake si ngumu. Kamera ya kawaida inakula kama wati 4. Ile ya mbele na nyuma inazidi hapo. Kwenye volti 12 hiyo ni theluthi moja ya ampea, yaani ampea-saa 8 (ampea mara saa za matumizi) kwa siku. Betri ndogo za Vitz, IST au Passo hubeba takriban ampea-saa 35 zikiwa mpya, na nyingi tunazotembelea si mpya. Siku mbili, nusu imekwenda. Isitoshe, betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ukiikamua hadi chini mara kwa mara, salfeti ya risasi inagandia kwenye sahani zake na nguvu hairudi tena. Joto la Dar es Salaam nalo lina mkono wake humo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jiulize kama kweli unataka kamera irekodi gari likiwa limezimwa. Anayelaza gari ndani ya geti hana haja. Anayeliacha kando ya barabara Kariakoo kutwa nzima, au uwanja wa ndege akisafiri, ana haja.

Kwa huyo wa pili, naweka namba moja kebo ya waya tatu yenye kukata umeme yenyewe. Waya mmoja unachukua umeme wa kudumu, wa pili unachukua umeme unaokuja na ufunguo, wa tatu unafungwa kwenye bodi ya gari. Katikati kuna kiboksi kinachoshusha volti 12 hadi 5 za kamera, na kinachopima betri. Volti zikishuka chini ya kiwango, kinazima kamera.

Uhondo wote uko kwenye hicho kiwango, na wauzaji wengi hawakitaji mpaka uulize. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 ni karibu tupu. Kebo inayokata kwenye 11.8 tu inakulinda kwa jina. Tafuta yenye swichi ya kuchagua, uweke 12.4, au 12.2 kama betri yako bado changa. Yangu, kwenye 12.4, usiku mwingine inazima kabla ya alfajiri. Sijali, mradi asubuhi gari linawaka. Mwenye Coaster au lori la volti 24 ahakikishe kebo imeandikwa 12/24.

Usinunue kebo ya kampuni nyingine kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Kamera nyingi hutegemea ishara inayopita kwenye kebo ili zijue gari limeegeshwa. Ishara isipokuwepo, zinarekodi mfululizo kana kwamba uko safarini. Nunua pia vichukulio vya fyuzi, vile vya kuchukulia umeme kwenye boksi la fyuzi, na uende dukani na fyuzi moja ya gari lako mkononi, maana saizi zinafanana kwa macho tu. Mwambie fundi asiguse fyuzi za eabegi, breki za ABS wala kompyuta ya injini, na apime kwa mita badala ya kubahatisha.

Kamera yenyewe nayo ichague kwa jicho hilo. Zipo zinazolala kabisa gari likizimwa na kuamka linapogongwa. Hizo zinakula kidogo mno, na kwa mtu wa kusafiri siku tatu nne zinashinda kebo yoyote.

Namba mbili ni tundu la kiberiti cha sigara, kwa kebo iliyokuja ndani ya boksi. Hugharamiki chochote, na kwa wengi wetu inatosha kabisa. Jaribu hivi: zima gari, toa ufunguo, chomeka chaja ya simu. Simu isipochaji, uko salama, kamera itazima pamoja na gari. Ikiendelea kuchaji baada ya nusu saa, tundu lako lina umeme muda wote, basi uwe unachomoa. Magari mengi ya Japani hukata. Baadhi ya ya Ulaya hayakati.

Namba tatu ni betri ya pembeni ya lithiamu-chuma-fosfeti iliyotengenezwa kwa kamera za magari, kama zile za kampuni ya BlackVue. Inajichaji injini ikiwaka, na ukizima, kamera inanyonya yenyewe, betri kuu haiguswi. Kiufundi hakuna cha kuishinda. Nimeishusha kwa sababu ya bei, zaidi ya dola 200, ambayo inanunua betri nzima ya Vitz na chenji ikarudi. Dereva wa teksi mtandao anayeegesha nje kila usiku anaweza kuitolea hesabu.

Halafu kuna kebo za kuchomeka kwenye tundu la kupimia gari, lile la OBD chini ya usukani. Kufunga ni dakika tano, ila umeme wa pale ni wa kudumu, kwa hiyo isiyo na kiwango cha kukata itakufanyia yaleyale niliyofanyiwa mimi. Nayo utaichomoa kila fundi akitaka kuweka mashine yake.

Pawabenki ya simu juu ya dashibodi, saa nane mchana, vioo vimefungwa: hapana. Lithiamu ya simu haikuundwa kwa joto lile, ikivimba kuna hatari ya moto.