Kuingiza muheme kwenye simu: uzoefu wangu na Koala Sampler

Pakua programu yoyote ya kutengenezea muziki kwenye simu, utakuta sauti za dramu (kiki, snea na haihati) za kila aina: za hip hop, za house, za trap. Zipo hata ngoma zilizobandikwa jina la Afrika, ila ukizisikiliza vizuri ni konga na djembe tu. Muheme, ngoma ya Wagogo, humo hamna. Mimi natengeneza biti hapa Dodoma mjini, nyingi za vijana wa bongo fleva na nyingine za kwaya, na wengi ninaofanya nao kazi wamekulia Chamwino, Bahi, Mvumi au Kongwa. Hao huwezi kuwadanganya. Ukiwawekea konga mahali pa muheme wanakuambia palepale kwamba hii si ya kwetu.

Kwa hiyo sauti lazima nizitafute mwenyewe, na programu ya simu naipima kwa mambo mawili tu. Inaipokeaje sauti niliyorekodi mwenyewe? Na ikishaipokea, inaniachia niipige kama inavyopigwa huku? Nimejaribu kadhaa. Ninayoitumia kila siku sasa ni Koala Sampler, inayoweka sauti ulizorekodi kwenye pedi, yaani vitufe vya kwenye kioo vya kupiga kwa kidole, na nitaeleza kwa nini, lakini sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu yale yanayofanyika kabla hujaifungua programu, maana hapo ndipo sauti inapopona au inapoharibika.

Kwa asiyeijua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Ngoma zenyewe ni za mti, ndefu, zina kiuno katikati. Mpigaji anaibana yake kwa mapaja akiwa amesimama na kuipiga kwa viganja. Asili yake ni shughuli za unyago, ingawa siku hizi utaikuta kwenye harusi na kwenye mapokezi ya wageni. Zinapigwa kwa pamoja, kubwa na ndogo, kila moja na zamu yake ya kuingia. Watu wa nje wanamjua zaidi mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, kwa ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze alivyovizungusha duniani. Ngoma za akina mama hazikupata bahati hiyo, na ndiyo maana hakuna kampuni iliyohangaika kuziweka kwenye simu yako.

Nilikwenda kwa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Chamwino, nikasalimia, tukapatana malipo, nikaeleza ninachotaka. Nikamwomba mama aliyeshika ngoma kubwa anipigie pigo moja tu, aache mpaka sauti iishe yenyewe. Akaniangalia, akaniuliza, “Lipi, mwanangu? La kuita au la kuitika?” Akanionyesha. La kuita anapiga karibu na ukingo kwa vidole vilivyonyooka, linatoka kali, linakatika haraka. La kuitika anashusha kiganja chote katikati ya ngozi, linatoka zito na kuvuma. Halafu kuna la tatu ambalo kiganja kinabaki juu ya ngozi na sauti inafia hapohapo. Ngoma ni ileile, mkono ni uleule, sauti tatu ambazo hazifanani hata kidogo. Mwenye kuchukua sauti moja na kuiita “muheme” amechukua theluthi.

Tena kila pigo nililirekodi mara kadhaa, kwa nguvu na kwa ulaini. Kioo cha simu hakijui umekigusa kwa nguvu kiasi gani. Ngoma halisi ikipigwa taratibu haipungui sauti tu, inabadilika na rangi yake, inakuwa na ngozi zaidi na mlio mdogo. Ukichukua pigo la nguvu ukalipunguza sauti kwenye programu, unapata pigo la nguvu lililo mbali, na sikio linajua. Dawa ni kuwa na pigo la nguvu kwenye pedi moja na pigo laini kwenye pedi ya pili.

Kuhusu kurekodi, adui wa kwanza Dodoma ni upepo. Kiangazi unavuma karibu mchana kutwa, na maiki ya simu inausikia kama mtu anayeipulizia. Tuliingia ndani, kwenye nyumba ya kuta za udongo. Naipendekeza nyumba ya namna hiyo kuliko chumba cha tofali chenye sakafu ya saruji, kwa sababu udongo haurudishi mwangwi mkali. Ukiwa chini ya bati, sikiliza kwanza: ngoma kubwa ikipigwa bati nalo linaitikia, na mtetemo huo ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Simu niliiweka juu ya kigoda, chini yake kanga iliyokunjwa mara nne ili mtetemo wa sakafu usipande, upande wa tundu la chaji ukiielekea ngoma kwa sababu ndiko maiki iliko kwenye simu nyingi. Umbali kama hatua mbili. Ukisogea karibu kuliko hapo pigo la nguvu linapasuka, unabaki na mkwaruzo.

Kirekodi kilichokuja na simu usikitegemee. Vingi vimetengenezwa kwa ajili ya maongezi: sauti ndogo vinainua, kubwa vinaikandamiza, na kile vinachodhani ni kelele vinakifuta. Kwa muheme, kinachofutwa ndicho kile kivumo cha mwisho kinachoipa ngoma mwili wake. Tafuta kirekodi kinachokuruhusu kuzima marekebisho hayo na kuhifadhi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa.

Hapo kwenye WAV nakaza kabisa. Vijana wengi wanaogopa WAV kwa sababu ya nafasi na bando, wanakimbilia MP3. Piga hesabu: WAV ya mono (mkondo mmoja wa sauti), ya biti 16, yenye sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, sekunde moja ni kama KB 88. Pedi 64 za sekunde moja moja hazifiki MB 6. Hiyo ni picha moja au mbili za kamera ya simu. MP3 ina tabia nyingine ambayo kwa wimbo mzima huisikii lakini kwa ngoma inaua: ikibanwa na kufunguliwa huongezewa kimya kidogo mwanzoni. Kwa kawaida ni kama sampuli 1,105, yaani takriban milisekunde 25, na si kila programu inajua kuzikata. Unagusa pedi kwa wakati, ngoma inachelewa, unaanza kuulaumu mkono wako. Na kama mwenzako yuko Mpwapwa au Manyoni anakutumia sauti kwa WhatsApp, mwambie asikutumie ujumbe wa sauti, maana huo umebanwa kwa ajili ya maneno. Achague Document, faili litafika kama lilivyotoka.

Sasa Koala yenyewe. Ina pedi 16 kwa kila benki (ukurasa wa pedi), benki nne, jumla 64, na hiyo 64 kwa muheme ni kipimo kizuri: ngoma tatu au nne, mapigo matatu kila moja, nguvu na ulaini, na nafasi inabaki ya njuga, kayamba na vigelegele. Njia ya kuingiza ni mbili. Unaweza kushika pedi tupu ikarekodi moja kwa moja kutoka kwenye maiki, ukiachia sauti imeshakaa. Hii ni tamu kwa kujaribu mawazo barazani. Kwa kazi ya maana naingiza mafaili niliyoyaandaa: nachagua pedi, naenda kwenye kuingiza, nafungua folda, nagusa faili. Mafaili nimeyapa majina yanayojieleza, kubwa_kuita_nguvu, kubwa_kuita_laini, ndogo_kufa_1, kwa sababu ukiwa na mafaili arobaini yanayoitwa rekodi mpya hutajua lipi ni lipi.

Kisha kukata. Hapa usiwe na haraka. Nafungua sauti, navuta kioo kwa vidole viwili mpaka mawimbi yanatanuka. Kabla ya pigo unaona mstari karibu umenyooka, kisha mlima wa kwanza unasimama ghafla. Alama ya kuanzia naisogeza mpaka ikae chini ya huo mlima, pale mstari unapoanza tu kuondoka sifuri. Ukiiacha nyuma ngoma inachelewa. Ukiipandisha juu ya mlima unasikia kitu kinagonga “tik” kabla ya ngozi kulia. Mwisho wa sauti siugusi, naacha kivumo kiishe. Pedi naiweka ipige mpaka mwisho hata nikiinua kidole. Halafu pigo la kuvuma na lile la kiganja kinachobaki nayaweka kundi moja la kukatana, ili la pili likipigwa lizime la kwanza. Mama akiweka kiganja juu ya ngozi sauti ya nyuma haiwezi kuendelea, na bila hilo kundi kwenye simu inaendelea, ngoma inasikika kama imepigwa na watu wawili wasiosikilizana.

Kinachonifanya niisifu Koala kuliko nyingine ni kwamba haining'ang'anizi na visanduku. Programu nyingi zinakupa visanduku 16 kwa mzunguko, kila pigo limegawanywa kwa nne. Midundo mingi ya huku inatembea kwa tatu: pigo nne za mguu, kila moja na tatu ndani yake, jumla 12. Ukiisukuma kwenye 16 inageuka kitu kingine, kinachezeka lakini hakina Ugogo. Kwenye Koala nazima kwantaizi (ile inayosogeza mapigo yako yakae kwenye visanduku), naweka mlio wa kuhesabia, napiga kwa vidole, na kilichochelewa kidogo kinabaki kimechelewa kidogo kama nilivyokusudia. Kama programu yako ni ya visanduku tu, angalau hakikisha inakubali kugawa pigo kwa tatu.

Jambo lingine la muhimu: usipige pedi ukiwa umevaa spika za masikioni za Bluetooth. Sauti inafika imechelewa, na kwenye mdundo wa tatu ucheleweshaji huo unakutoa kabisa njiani. Tumia za waya, hata zile za bei ya chini za barabarani.

Mdundo ukishakaa sawa naurekodi upya ndani ya Koala kwenye pedi moja, halafu naushusha au kuupandisha kuufuata wimbo. Natahadharisha kidogo hapa. Ngoma ikishushwa sana inakuwa nzito na inapendeza kwa biti za klabu, ila utambulisho wake unapotea. Mimi sivuki nusu toni mbili, yaani hatua mbili ndogo za sauti.

Wimbo wenye beti, kiitikio na sauti za waimbaji siumalizii humo. Natoa WAV kutoka Koala na kuipeleka FL Studio Mobile, ambako napanga nyimbo nzima na baadaye naweza kuufungua mradi huo kwenye FL Studio ya kompyuta. FL Studio Mobile nayo ina sampla ya ngoma, na sauti zako zinakaa kwenye folda ya My Samples. Wenye simu mpya waelewe kwamba kuanzia Android 11 mfumo umezuia programu za mafaili kuingia kwenye Android/data, kwa hiyo ile njia ya zamani ya kunakili mafaili kwa mkono kwenye folda ya programu isikupotezee muda. Tumia sehemu ya kuingiza iliyo ndani ya programu yenyewe. Za bure nimezipitia pia. Moja, sitaitaja, ilikuwa inabana kila faili ninaloingiza bila kuniuliza, na mlio wa ngozi ukawa kama wa katoni. Nyingine ilinidai intaneti kila nikitaka kufungua kazi yangu. Mwenye iPhone ana nafuu, GarageBand ni ya bure na ina sampla ndani yake.

Koala inalipiwa mara moja, haina ada ya mwezi. Kuna nyongeza zinazouzwa pembeni, Samurai na Mixer. Samurai inafaa ukitaka kurefusha au kufupisha mdundo bila sauti yake kupanda wala kushuka, lakini kwa ngoma peke yake unaweza kuanza bila hizo. Kama huna kadi ya benki, kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye huduma ya pesa ya simu inafanya kazi Play Store, weka salio la kutosha kabla hujabonyeza.

Na akina mama walipwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua sanaa za jadi, lakini hata bila sheria, pigo la kuita nililonalo kwenye pedi ya kwanza lina mkono wa mtu aliyelipiga tangu usichana wake. Tulikubaliana kiasi cha siku ile, tukakubaliana na kitakachofuata wimbo ukiuzwa, tukaandika. Kuna midundo waliyonikatalia kwa sababu ni ya ndani ya unyago, na hiyo haipo kwenye simu yangu. Wasanii wakiniomba ile midundo nawajibu kwamba haikuruhusiwa, tunatumia iliyoruhusiwa, nayo ni mingi kuliko pedi nilizonazo.