Makumbusho ya Lubumbashi: kaulizeni habari za mukuba

Jumamosi nilimpeleka mwanangu wa miaka 11 kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Mimi ni mtoto wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi. Kambo yangu, mzee aliyemzaa baba, alimaliza nguvu zake zote kwenye tanuru za Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, chini ya lile bomba la moshi la mita 153. Kwa hiyo tangu utoto nilidhani habari ya mukuba, yaani shaba, ilianza na Wazungu, mwaka ule wa 1910 mji ulipoanzishwa.

Sivyo hata kidogo. Mzee aliyetuongoza (mwombeni aseme Kiswahili, ndipo anapochangamka) alitusimamisha mbele ya misalaba ya mukuba, akatuacha tutazame kwanza. Kuna mmoja sikutaka kuuacha. Mikono yake minne ni minene, ncha zimelika, uso mmoja una vishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Mtu aliumimina mukuba ule ukiwa moto, akangoja upoe. Mafundi walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa, wakavukuta kwa viriba vya ngozi. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi walifukua makaburi ya kale kuanzia 1957, wakakuta wafu wamezikwa na misalaba kama hii. Ile ya zamani ni mikubwa na michache. Kadiri miaka ilivyokwenda ikawa midogo, mingi, ya kufanana: ilikuwa imekuwa pesa.

Mwanangu akauliza, “Mama, kambo alijua?” Nilikosa jibu, na koo likanibana.

Vinyago vya Kiluba na vya Kihemba navyo ni vizuri, lakini siku hiyo macho yangu yalikuwa kwenye mukuba tu. Jitengeeni saa mbili nzima, mwende asubuhi, na watoto wabebe daftari. Wazee wenu wakiwa hai, nendeni nao. Mimi nilichelewa, wangu hayupo tena.

Jioni nilifungua kopo la vifungo la marehemu nyanya. Ndani mlikuwa na sarafu ya Katanga ya 1961, wakati jimbo letu lilipojitenga na Kongo, ambayo tuliichezea tukiwa wadogo. Nikaigeuza. Msalaba ni ule ule. Mwanangu ameifunga kwenye kitambaa, Jumatatu anaipeleka shuleni kuwaonyesha wenzake.