Kutazama mpira kwa macho ya Tanga: banda moja la Ngamiani

Kwa msimu mzima uliopita nimekuwa mtazamaji wa kudumu katika banda moja la mpira lililoko Ngamiani, hapa Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni kibanda umiza kama vilivyo vingine: mabenchi ya mbao, projekta moja, kitambaa cheupe ukutani na feni mbili ambazo hazitoshi watu wakijaa. Kiingilio ni shilingi 500 kwa mechi za kawaida na 1,000 Simba inapokutana na Yanga. Picha ni safi, na umeme ukikatika jenereta huwashwa bila kuchelewa. Vifaa hivyo hata hivyo vinapatikana kwingine. Kinachonirudisha pale ni watazamaji wenyewe, na jinsi mwenye banda anavyoijua jamii anayoihudumia.

Mgeni atakayeingia mara ya kwanza atashangaa kuona kwamba kelele kubwa kuliko zote haziji na bao. Mchezaji akipigwa tobo, yaani mpira kupitishwa katikati ya miguu yake, au akivishwa kanzu kwa mpira kupitishwa juu ya kichwa chake na kupokewa nyuma yake, banda zima husimama, hata kama shambulizi lenyewe litaishia kwa kipa. Wengi wetu tuliujua mpira kupitia chandimu, kwa mpira wa makaratasi na matambara, katika vichochoro ambamo mabao yalisahaulika jioni ileile lakini aliyepigwa tobo alikumbushwa mwezi mzima. Tena neno lenyewe limechaguliwa kwa akili: kanzu ni vazi la heshima, na kuvishwa na mpinzani mbele ya hadhira ni fedheha iliyofumbwa. Katika mji uliolelewa na taarab, fumbo lililompata mlengwa huhesabiwa kuwa ushindi.

Huduma ninayoithamini zaidi ni ya Jumatatu usiku, mwenye banda anapoonyesha mechi za zamani. Siku moja alituwekea Brazil dhidi ya Italia, Kombe la Dunia la mwaka 1982, mchezo ambao Italia ilishinda 3-2 kwa mabao yote matatu ya Paolo Rossi. Brazil ilihitaji sare tu ili isonge mbele, na Falcão aliposawazisha kuwa 2-2 kijana mmoja alimgeukia mzee aliyekaa kando yangu, mzee ambaye huwasimulia vijana jinsi Coastal Union, timu yetu ya Tanga, ilivyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988.

“Babu, sare si inawatosha? Mbona hawarudi kulinda?”

“Watalinda kwa lipi, mjukuu wangu? Hawakulelewa hivyo.”

Jibu lile lilinikaa moyoni, kwa sababu banda zima lilikuwa upande wa Brazil, mechi ya zaidi ya miaka 40 iliyopita ikihuzunikiwa kana kwamba imechezwa jana katika uwanja wetu wa Mkwakwani. Bao la pili la Rossi, lililotokana na pasi ya ovyo ya Cerezo wa Brazil ambayo Rossi aliinasa, lilipokewa kama wizi. Hapo naona tuliwadhulumu Waitaliano. Wao walikulia katika soka ambalo mfumo wake maarufu wa kujilinda, catenaccio, umepewa jina linalomaanisha komeo la mlango, na ambalo lilimpa kocha Helenio Herrera na Inter ya Milano Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965. Mtazamaji wa Milano huona katika bao lile subira, na jicho lililokuwa likisubiri kosa tangu mwanzo. Nimewahi kumshauri mwenye banda atenge dakika chache kabla ya mechi hizi ili mtu aeleze historia ya kila upande, na ninaamini wateja wangemshukuru.

Maelezo hayo yangesaidia pia siku Celtic inapocheza na Rangers, timu mbili za Glasgow, Uskoti. Vijana huitazama kwa kipimo cha Simba na Yanga, watani wa jadi, na utani kwetu una adabu yake ya kale: mtani hukusuta hadi msibani nawe huna ruhusa ya kukasirika. Uhasama wa Glasgow umebeba mgawanyiko wa Wakatoliki na Waprotestanti, na mzaha unaopokewa kwa kicheko hapa Ngamiani unaweza kuzua ugomvi mkubwa kule.

Nampongeza mwenye banda kwa jambo jingine. Katika miezi ya baridi ya Ulaya, mechi nyingi za Jumamosi za Uingereza huanza saa 12 jioni kwa saa zetu, kwa hiyo adhana ya Magharibi huzikuta kipindi cha kwanza. Hapo sauti huzimwa, wanaokwenda kuswali hutoka, na viti vyao hubaki vyao hadi warudi, bila kulipa upya. Lawama yangu ni kuhusu wanawake, ambao wametengewa benchi moja tu la nyuma, nyuma ya nguzo, ingawa wapo wanaoujua mchezo kuliko wengi tuliokaa mbele; benchi hilo lihamishwe.

Mechi za Jumatatu huanza saa 2:30 usiku, baada ya Isha. Muuza kahawa na kashata hukaa mlangoni, na upande wa kushoto ndio wenye upepo.